Swali Kabla ya Kuitika

Mwaka 1977, Nyamizi, mumewe Limbu na binti yao Leokadia walikuwa wamekaa bonde la Usangu miaka minne. Walitoka Usukumani na ng'ombe wao, wakajenga karibu na Rujewa. Asubuhi Nyamizi alikamua, Limbu akaenda kuchunga. Kisha Limbu akaanza kukohoa damu. Akapelekwa hospitali, Iringa.

Kijiji kilikuwa na simu moja ya kuzungusha kwa mkono, kwenye ghala la mpunga. Karani wa ghala, Jailos, ndiye aliyeipokea. Siku moja ikalia.

"Mama Leokadia, njoo! Iringa hao!" Jailos aliita. Akarudi kupiga kelele kwenye simu. "Nani mwenzangu? Ni hospitali? Unapiga kwa ajili ya Limbu, yule Msukuma?"

"Ndiyo, ndiyo. Limbu," sauti ikajibu.

Nyamizi akashika simu.

"Mwangaluka, mayu!"

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya kwao, na mayu ni mama. Moyo wake ukalainika palepale.

"Limbu anasema ugonjwa wa ng'ombe unakuja," sauti iliendelea. "Kesho atafika mtu. Mpe kundi alihamishe."

"Kundi lote?"

"Lote, mayu. Fanya upesi."

Mtu alifika, naye akasalimia Kisukuma. Akaswaga ng'ombe thelathini na wawili. Hawakuonekana tena. Limbu hakuwa amemtuma mtu yeyote.

Wiki tatu baadaye simu ikalia tena.

"Mimi ni nesi, wodi ya wanaume, Iringa. Limbu hali yake ni mbaya. Anakuita. Njoo leo."

"Limbu gani?" alisema Nyamizi. "Ng'ombe mmeshachukua. Sasa mnataka nitoke, mje mbebe na sufuria?"

"Mama, nakwambia kweli."

"Hata mwenzako alisema kweli."

Akakata simu.

Safari hii aliyepiga alikuwa nesi kwelikweli. Limbu aliishi siku tatu zaidi. Kila mlango ulipofunguliwa, aliuliza kama mkewe amefika. Alizikwa hukohuko Iringa, kabla barua ya kueleza hayo haijafika kijijini.

Kwenye matanga alikuja Atuganile, dada yake Jailos. Huyu aliishi Ilomba, mjini Mbeya, na kazi yake ilikuwa kuunganisha simu za mbali. Alikaa mkekani na Nyamizi siku nzima. Jioni Nyamizi akasema mwenyewe.

"Dada, nilimwamini mwizi, nikamkataa mume wangu. Mimi ni mjinga wa namna gani?"

"Si ujinga. Simu haina uso."

"Lakini jina niliuliza," alisema Jailos, aliyekuwa amemsimulia dada yake simu ile neno kwa neno.

"Uliuliza au ulimpa? Hospitali umeitaja wewe. Limbu umemtaja wewe. Hata kabila umemtajia! Mwenzako kazi yake ilikuwa kuitikia tu, kama kwaya."

Jailos akatazama chini.

"Basi tufanyeje?" Nyamizi aliuliza.

"Kwanza, mtu akisema anapiga kutoka hospitali, Jailos kata simu. Piga wewe, kwa namba ya kwenye kitabu. Usikubali namba ya kupewa na anayepiga. Pili, msafiri na wa nyumbani wakubaliane maswali kabla ya safari. Majibu wayajue wao wawili tu. Hata nesi asiyajue. Ukimuuliza, aende kwa mgonjwa akalete jibu."

"Na wanaosikiliza kwenye waya njiani?" Jailos aliuliza.

"Wapo. Hata mimi nasikia mengi. Kwa hiyo swali likishatumika, msilirudie. Na wa kule naye akuulize wewe. Mwizi anaweza kujifanya wa nyumbani vilevile."

"Ungekuja mwezi uliopita," alisema Nyamizi.

Atuganile akamsogezea kikombe cha uji.

Mwaka uliofuata, binti yake Leokadia alikwenda Mbeya kujifungua. Alifikia kwa Atuganile. Kabla hajaondoka, mama na binti walikaa jikoni wakachagua maswali. Jailos alipochungulia, akafukuzwa.

"Hata mimi?"

"Hasa wewe. Mdomo wako debe."

Siku ya nne simu ikalia. Jailos alisikia neno hospitali, akakata. Akafungua kitabu, akapiga Mbeya. Nesi aliyekuwa amepiga ndiye aliyepokea; Jailos akamwita Nyamizi ashike simu.

"Leokadia amepoteza damu nyingi. Ndugu waje kumtolea."

Miguu ya Nyamizi ilitaka kukimbia. Akajizuia.

"Muulize: siku tuliyovuka mto tukija huku, maji yalichukua nini?"

Nesi akaenda wodini. Nyamizi aliishika simu kwa mikono miwili.

"Anasema kinu cha kutwangia," nesi alirudi na jibu. "Naye anauliza: wewe ulilia au ulicheka?"

"Nilicheka. Baba yake ndiye aliyekasirika."

Nesi akaenda, akarudi. "Anasema ni wewe. Njoo, mama."

Lori la mpunga lilikuwa linapakia. Nyamizi alipanda na shemeji zake wawili, ndugu za Limbu. Walifika Mbeya jua halijazama, wote watatu wakapimwa. Damu ya shemeji mmoja ilifaa.

Asubuhi Leokadia alifumbua macho. Mtoto alikuwa amelala ubavuni.

"Mama, umefika?"

"Nimefika. Uliita, nimefika."

Akamshika mkono, akalia mpaka kanga ikalowa. Nesi aliyekuwa anapita alidhani ni furaha.