Maji ya Ubavuni

Ng'ombe alikuwa amekwisha chunwa, lakini Sadick alipotia mkono mbavuni kuyatoa mapafu, kitu mle ndani kikapumua. Akauchomoa mkono upesi. Utando mwembamba unaoyafunika mapafu uling'aa, hauna hata doa.

Kosa lake alilijua. Kisu kilipopita shingoni alikuwa akigombana kwenye simu na dereva aliyekwama njia ya Mtowisa. Mahali pa bismillahi, alitoa tusi. Akanyamaza, maana Sumbawanga Waislamu na Wakristo walikula kwa kukiamini kisu chake. Nyama ikauzwa, ikaisha.

Wiki ileile binti yake, Hasna, akaanza kuhema kwa shida, akawa halali ila kwa ubavu wa kulia.

"Pafu lina utando, na mbavu kwa ndani zina utando," Daktari Valeria alimweleza Sadick hospitalini. "Katikati huwa na unyevu kidogo tu wa kutelezea. Sasa pamejaa maji."

Wakayavuta kwa sindano, yakarudi. Wakavuta tena, yakarudi. Vipimo havikuonyesha chanzo. Nyumbani, chumba cha Hasna kikaanza kunuka damu mbichi.

Sophia, mama mtu, akamwita Shehe Muhidin. Majirani wakajaa ukumbini. Shehe alipoanza kisomo, sauti nzito ikatoka ubavuni mwa mtoto, midomo yake imefumba.

"Sikuvunja mlango. Nilifunguliwa."

"Na nani?"

"Mwulizeni mwenye kisu."

Shehe akageuka. "Sadick, ulisoma bismillahi ulipochinja?"

"Nilisoma, Shehe," alinong'ona.

Hapo kifua cha Hasna kikatuna upande mmoja, macho yakamtoka, kucha zikageuka rangi ya majivu, na kila pumzi aliyoitafuta ikawa fupi kuliko iliyotangulia, huku Sophia akimtikisa mumewe na kumlilia aseme, aseme tu, hata kama ni kuumbuka mbele ya mji mzima, mpaka uchungu wa mzazi ukaishinda aibu.

"Sikusoma! Nilitukana, na nyama nikawauzia!"

Hasna akatapika maji mekundu, akavuta pumzi ndefu, akaomba uji. Sadick akalia kwa furaha kama mtoto.

Ukumbini hakuna aliyefurahi. Mama Bertha, jirani yao, akasogea mlangoni mwa chumba, kitenge amekikaza kifuani.

"Sadick baba," alisema polepole, "wanangu wote tangu juzi wanalalia ubavu mmoja."