Gato ya Mayai Kumi na Mawili

— Mukwe, mule ndani ya hii gato umetia nini?

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa matete. Ilikuwa ya Epiphanie, mama yake Godelieve. Hakuweza kumuuliza mkwe wake uso kwa uso, maana hata Noeli haiondoi haya kati ya mkwe na mama mkwe. Wanaume walikaa upande wa mlango, wanawake upande wa jiko, na katikati matete. Ilikuwa Noeli ya mwaka 1953, nyumbani kwa Straton, kwenye kilima kilicho juu ya Kirolirwe, na ile keki ambayo Wazungu huiita gato ilikuwa imebaki makombo.

Hilaire, mchumba wa Godelieve, alifurahi kuulizwa. Alikuwa mpishi wa Wazungu wa shamba la ng'ombe pale bondeni, mwaka wa sita sasa, na mpishi ukimuuliza ametia nini ndani ya sufuria umemkosha moyo. Akanyoosha shingo ili asikike vizuri.

— Mama, nimetia farini, sukari, siagi, na maganda ya ndimu juu ya harufu. Na mayai.

— Mayai?

— Kumi na mbili, Mama. Ile njo sababu imefura vizuri.

Upande wa pili Epiphanie akapiga yowe ambalo majirani wa kilima cha pili walidhani ni la msiba.

Ewe msomaji, kabla hujacheka, ujue mambo ya wakati ule. Kwetu mwanamke hakula yai. Yai lilikuwa la wanaume na la Wazungu. Mwanamke akilila, walisema, tumbo lake linafunga, hazai tena ao hazai kabisa. Hilaire aliujua mwiko huo tangu utoto. Lakini miaka sita ya kuvunja mayai kila asubuhi ilimfanya asahau. Machoni pake yai likishaingia ndani ya unga halikuwa yai tena, lilikuwa gato. Alipika keki ile usiku kucha kwa mapenzi, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, akaipandisha mlima kichwani mwake mwenyewe. Akajipalia makaa.

— Umeniulia mutoto! Umefunga Godelieve tumbo! Na miye mwenyewe nimekula vipande ine! akalia, vidole vinne hewani.

Straton, baba ya Godelieve, alikuwa mtu mpole. Alisimama polepole.

— Hilaire, mutoto wangu, kamata kofia yako.

— Papa, haikuwa mubaya. Nilitaka tu mufurahi.

— Nayua. Kamata kofia, uende. Mama yake akitulia tutazungumuza.

Akatoka. Alikuwa amefika kwenye miti ya mikaratusi aliposikia miguu nyuma yake. Ni Godelieve, bila kitambaa kichwani. Walikuwa wachumba mwaka mzima, na harusi ilikuwa imepangwa kwa Pasaka.

— Hilaire, ngoya.

— Godelieve, nisamehe. Sikufikiri.

— Siko na kasirani. Gato ilikuwa tamu. Ninataka kukuuliza neno moya tu.

— Uliza.

— Kama iko kweli? Kama sitazala, utanikamata ao utaniacha?

Hapo ndipo mwanaume anatakiwa kusema kitu, chochote kile. Hilaire alifungua mdomo. Akamwona moyoni mama yake, mjane wa Nyabiondo, asiye na mtoto mwingine ila yeye. Akaona watoto ambao tangu zamani aliwapa majina kichwani, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Akafunga mdomo, akaangalia viatu vyake.

Godelieve alingoja. Alingoja sana.

— Basi. Nimesikia.

— Lakini siyasema kitu.

— Njo ile nimesikia.

Akageuka akapanda mlima. Alilia njia nzima na hakuficha, kwa sababu alimpenda kweli yule mjinga.

Maneno ya mayai yalifika Nyabiondo kabla ya wiki kuisha, na huko ni safari ya siku mbili kwa miguu. Barua ya Libérata, mama yake Hilaire, ilikuja na lori la maziwa. Aliiandikisha kwa katekista.

“Mutoto wangu Hilaire, nakusalimia. Miye niko muzima, mugongo tu. Nimesikia ulilisha muchumba wako mayai. Nilikuzala weye peke yako, na baba yako alikufa akiniambia nyumba yake isizimike. Ule musichana namupenda lakini haiwezekane. Usifanye kitu. Nitakuya mwenyewe nikimaliza kuvuna maharagi, nitavunja ile maneno kwa heshima. Miye mama yako.”

Hilaire alimwandikia Godelieve barua tatu. Ya kwanza ilirudi. Ya pili ilirudi. Ya tatu ilirudi na mstari mmoja nyuma yake, kwa kalamu ya risasi:

“Nilikuuliza neno moya. Barua zako ziko na maneno mingi sana.”

Siku ile Hilaire aliunguza mchuzi wa Wazungu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Pasaka ikapita bila harusi. Alipika gato ya Pasaka ya Wazungu, akaipamba, akaipeleka mezani, na mwenyewe hakuonja hata kidole.

Libérata alifika mwisho wa mwezi wa tano, na kikapu cha maharagi mgongoni, kwa sababu hata ukienda kuvunja uchumba huendi mikono mitupu. Alipanda kwa Straton pamoja na mwanae. Wakakaribishwa. Straton akamimina pombe ya mtama, wakazungumza habari za mvua na za ng'ombe mpaka hakukuwa na cha kuzungumza tena.

— Papa Straton, akaanza Libérata, miye sina midomo mingi. Mutoto wangu alikosa. Sasa mutoto wenu…

Hapo Epiphanie akaja kutoka jikoni. Siku zile za mazungumzo ya wazazi matete hayakuhesabiwa. Alikuwa amejifunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, na jua lilikuwa kali. Akainama kuweka bakuli la viazi chini. Alipoinuka alishika kiuno.

Libérata alikuwa amezalisha nusu ya wanawake wa Nyabiondo. Vitambaa viwili havikumdanganya.

— Dada Epiphanie.

— Karibu, dada.

— Ile tumbo iko ya nini?

— Tumbo gani?

— Ile.

Straton akakohoa, akaangalia dari. Epiphanie alitafuta pa kuweka macho yake akakosa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amefikisha miaka tisa. Kilima kizima kilijua kwamba yule amefunga duka.

— Iko mwezi wa ngapi? akauliza Libérata.

— Wa ine.

— Wa ine. Basi haikuwa mbele ya Noeli.

— Hapana. Nyuma, Noeli imeisha kupita.

— Na ile siku ya gato, ulikula vipande ngapi?

Epiphanie alijibu kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na asali mkononi.

— Ine.

Straton ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka pombe ikamwagika kwenye magoti. Kisha Libérata, akijipiga mapaja. Mwishowe Epiphanie mwenyewe, akilia na kucheka, huku akisema: “Haya imeniua, haya imeniua, na umri wangu huu!”

— Miezi yote hii umefunga vitambaa mbili! akasema Straton. Nilikuambia uwaambie watu!

— Ningewaambia nini? Miye njo nililia mayai mupaka watu ya Mweso wakasikia!

Libérata alipangusa macho.

— Basi, Papa Straton, maneno yenye ilinileta imekufa ku mulango. Tupange siku ya ndoa.

— Tupange!

Hilaire alikuwa amesimama tayari, meno yote nje. Angeweza kuruka juu ya paa.

— Hapana.

Godelieve alikuwa mlangoni mwa jiko. Hakupaza sauti.

— Mama, Papa, na weye Mama Libérata, munisamehe. Miye siolewe.

— Godelieve! Hauoni tumbo ya mama yako? akasema Epiphanie. Mayai haina kitu!

— Tumbo yako, Mama, imekujibia weye. Miye, Hilaire bado kunijibia.

Akamgeukia Hilaire. Miezi mitano hawakuwa wameangaliana.

— Ile siku nilikuuliza, ukanyamaza. Leo unacheka kwa sababu umeona tumbo ya mama. Na miye? Kama mayai haifunge muntu, kuko bado wanawake hawazale, na hawakukula hata yai moya. Kama niko mumoya wao? Utaangalia tena viatu?

Mimi ninayesimulia ningemlaumu kidogo huyu msichana, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka naye anaufunga. Lakini nimewaza sana, na naona alikuwa na haki. Mwanaume anayekupenda kwa sababu hatari imekwisha, ikirudi atafanya nini?

Hilaire alivua kofia.

— Godelieve, nilinyamaza juu niliogopa. Nasema kweli. Niliogopa mama. Na miye mwenyewe napenda watoto, nilikuwa nimeisha kuwapa majina. Kama ungeniuliza kama nakupenda ningejibu mbio. Uliniuliza neno ya nguvu, na sikuwa na jibu.

— Sasa iko?

— Iko. Miezi tano nimepika kwa Wazungu nikikula peke yangu ku jikoni, ugali haina utamu, nyama haina utamu. Nilifikiri wale watoto ya kichwani mwangu, nikaona hakuna hata mumoya mwenye sikumuona mukononi mwako. Kama hauzale, tutabaki wawili. Sitakuongezea mwanamuke. Hii njo jibu.

— Hilaire! Libérata alisimama. Miye niko na weye moya tu! Nyumba ya baba yako!

— Mama, nayua.

— Unasema ile mbele yangu?

— Mbele yako, Mama. Nikisemea ku njia haitakuwa na maana.

Libérata akakaa, akajifunika uso kwa kitambaa. Alikuwa akilia kweli, na hakuna aliyemcheka. Godelieve alikwenda akapiga magoti mbele yake.

— Mama, hata miye naomba kuzala. Sana. Lakini sipendi kuingia ku nyumba yako kama mbuzi wa kuyaribu, asipozala anarudishwa.

Ilichukua muda. Viazi vilipoa. Mwishowe Libérata akashusha kitambaa, akamshika yule msichana mkono, akamgeukia Straton.

— Nani aliwafundisha hawa watoto kusema vile?

— Miye hapana, akasema Straton.

Ndoa ilifungwa misioni mwezi wa nane. Gato ilikuwa ya mayai ishirini na nne, na wanawake wa pande zote mbili walikuja jikoni kuangalia yakivunjwa, wengine kwa hofu, wengine wakiwa na sababu zao ambazo hawakuzitaja. Mtoto wa Epiphanie alizaliwa salama mwezi wa kumi. Padri alimbatiza Honoré, lakini kilima kizima kilimwita Gato, na mpaka anaoa aliitika.

Najua mnachotaka kujua. Ndiyo, Godelieve alizaa. Jeannette alikuja mwaka wa nne wa ndoa, baadaye wakaja wengine wawili, na hakuna mtu anayeweza kusema kama ni mayai, ao ni Mungu, ao ni subira. Lakini mimi simalizii hapo. Namalizia mwaka wa tatu, wakati hakukuwa na mtoto wala dalili, na watu walikuwa wameanza kumwangalia Godelieve tumboni kabla ya kumwangalia usoni.

Libérata alikuja kuwatembelea msimu wa mvua. Hilaire alikuwa ameketi barazani, akimenya kikapu cha viazi kwa chakula cha Wazungu. Godelieve alikuwa ndani. Mama alizunguka maneno mengi, mwishowe akalitoa lililomleta.

— Kule kwetu kuko musichana, Dorothée. Watu yake ni wazuri. Sisemi umufukuze Godelieve. Nasema tu kuko musichana.

Hilaire alimaliza kiazi alichokishika, akakitia kwenye maji.

— Mama, ile siku kwa Straton nilisema neno. Sikuyua kama itakuwa nguvu vile. Watu wananicheka ku njia, na kila mwezi Godelieve analia, miye naye nalia. Sasa nayua nguvu yake. Lakini neno iko ile ile.

— Hata nikikufa bila kuona mujukuu?

— Hata vile, Mama. Unisamehe.

Godelieve alikuwa amesikia yote nyuma ya mlango. Alitoka na kisu chake, akaja akaketi bega kwa bega na mumewe, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo wake wa siku zile hawakulifanya. Akachukua kiazi.

Libérata aliwaangalia. Mvua ilikuwa ikija kutoka upande wa Mweso, na kikapu kilikuwa bado kimejaa.

— Munipe na miye kisu, akasema. Hivi viazi mutamaliza saa ngapi?