Mguu wa Shangazi Sokoni

Kila siku akirudi kutoka shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kuvua sare, kula, na kushika simu ya mama. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda, na mara nyingi aliianza kabla ya zile mbili. Jina lake halisi lilijulikana na mwalimu wa darasa tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chapuchapu, kwa sababu alikuwa akimaliza kufagia uani kabla vumbi halijajua kwamba limefagiwa.

"Huyu ukimtuma chumvi," mama alikuwa akiwaambia majirani, "atarudi kabla hujamwambia akanunue ya aina gani."

Simu yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama alikuwa fundi wa viatu vya kitambaa vya kuvalia nyumbani, vyenye soli ya mpira na pamba laini ndani, na aliviuza kwenye soko la mtandaoni. Mama alishona. Chapuchapu alipiga picha, akaandika maelezo na kuwajibu wateja. Kabla ya duka hilo mama alikuwa akitembeza viatu mitaani, beseni kichwani, kutwa nzima juani, na magoti yake hayakuwa yamesahau. Duka la kwenye simu ndilo lililompa kiti karibu na dirisha na kumwezesha kupumua. Hilo Chapuchapu alilijua vizuri, maana ndiye aliyekuwa akimkanda magoti.

Viatu vilishonwa juu ya kalibu za mbao, yaani miguu ya bandia ambayo babu, aliyekuwa seremala, aliichonga zamani kwa kufuata miguu ya watu wa nyumbani. Kwa hiyo pale nyumbani hapakuwa na namba za viatu. Palikuwa na mguu wa mtoto, mguu wa mama, mguu wa shangazi na mguu wa babu mwenyewe. "Nikatie soli mbili za shangazi," mama alikuwa akisema, na mgeni aliyesikia hivyo kwa mara ya kwanza aliangalia mlango. Kwenye simu Chapuchapu aliandika tu "ndogo", "ya kati", "kubwa" na "kubwa zaidi", na mteja mwenye shaka alituma ujumbe wa kuuliza.

Siku moja soko hilo lilibadilisha sheria zake. Tangazo lilitokea kwenye simu, refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Chapuchapu alilipitia kwa kidole mpaka chini, akabonyeza "Nimekubali", kisha likatokea jambo jingine: kila kiatu kiandikiwe urefu wake wa ndani kwa sentimita. Bila kipimo, hakitaonekana dukani.

Mama alikuwa katikati ya kushona, sindano mdomoni. Kupima jozi zote kungechukua muda, na nje watoto walikuwa wakimwita Chapuchapu kuruka kamba. Alifungua duka la kiwanda kimoja kikubwa kilichouza viatu vinavyofanana na vya mama, akaona sentimita zao za kila saizi, akazinakili zote. Mwishoni swali likatokea: "Je, umepima bidhaa hizi mwenyewe?" Alibonyeza "Ndiyo", akatoka mbio.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Zamani!"

Kwa siku chache mambo yalikwenda vizuri. Kisha kijana wa kusambaza mizigo, ambaye kwa kawaida alikuja mikono mitupu na kuondoka amebeba, alianza kuja amebeba na kuondoka mikono mitupu. Viatu vilikuwa vinarudi. Mmoja aliandika vinambana. Mwingine aliandika kwamba mguu wake unaogelea ndani. Kwa sheria mpya, mteja akirudisha kitu kisicholingana na kipimo chake, nauli ni ya muuzaji, na viatu vikirudi kwa wingi duka linafungwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa alasiri Chapuchapu alifungua simu akakuta duka lao limefifia, picha zote zimekuwa za kijivu, na juu yake maneno haya: "Duka lako limesimamishwa. Sahihisha vipimo au toa maelezo ndani ya wiki moja. Baada ya hapo litafutwa."

Alimsomea mama. Safari hii aliyasoma polepole.

Mama aliweka kalibu chini. "Wametuona wanyonge," alisema. "Kiwanda kina mashine na makarani wa kupimapima. Mimi nina mikono miwili. Wanatunga sheria huko waliko, hawajawahi kushika hata sindano, halafu wanasema tuwafuate! Na hao wateja, mbona zamani hawakulalamika?"

Wakati huo aliingia binamu yake Chapuchapu, mtoto wa shangazi, fundi simu mwenye kibanda mwisho wa mtaa. Alichukua simu, akaiangalia kwa dharau ya kitaalamu.

"Jambo dogo hili, mama," alisema. "Liache life. Tunafungua duka jipya kwa laini yangu, jina jingine, picha zilezile. Wakilifunga, tunafungua la tatu. Watachoka wao."

"Na mteja aliyeniamini kwa jina langu atanipata wapi?" mama aliuliza.

"Wateja ni wengi."

"Basi wewe nenda ukawaambie wenye simu unazotengeneza kwamba wateja ni wengi, uone kama watarudi." Mama aligeuka. "Sijaiba, sijamtapeli mtu, sijifichi. Chapuchapu, andika. Nitawaambia ukweli wao."

Chapuchapu akaishika simu. Mama alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akaanza kusema kila neno kwa mkazo: "Mimi ni fundi. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Viatu vyangu vilipimwa kwa uangalifu, kipimo kwa kipimo, na wateja wenu wanasingizia..."

Kidole cha Chapuchapu kilisimama. Angeweza kuandika. Mama asingejua kamwe. Lakini alimwona mama amesimama pale anajitetea kwa nguvu zote, akimtetea pia yeye bila kujua, na aliona aibu mpaka masikioni.

"Mama, siwezi kuandika hivyo."

"Kwa nini? Tahajia imekushinda?"

"Havikupimwa." Sauti ilitoka ndogo. "Sikupima hata kimoja. Nilinakili vipimo vya kile kiwanda. Waliniuliza kama nimepima mwenyewe, nikasema ndiyo."

Binamu alijifanya kutazama dari. Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Chapuchapu zaidi. Alikaa kwenye kiti chake, akachukua jozi moja iliyorudishwa, akaigeuzageuza mikononi.

"Mama mmoja huko amevaa hiki," alisema hatimaye, "akaona kinambana, akasema: huyu fundi ni mwongo. Na alisema kweli."

Chapuchapu alilia. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akamrushia kipande cha kitambaa afute uso.

"Futa yote uliyoandika. Kesho ni Jumamosi, hakuna shule. Tutapima kila kiatu kilichomo humu ndani, mpaka cha mwisho. Na wewe, fundi simu, kwa kuwa una muda wa kufungua maduka matatu, utakuja kutusaidia kuandika."

Asubuhi walianza. Binamu alikuja kweli, huku akinung'unika. Chapuchapu alitaka wapime kalibu nne tu, waandike, wamalize. Mama alikubali. Lakini walipoulinganisha mguu wa mama wa mbao na kiatu kilichoshonewa juu yake, mambo hayakulingana. Kiatu chenye pamba nene kilikuwa kifupi ndani kuliko chenye pamba nyembamba, ingawa vyote vilizaliwa kwenye kalibu moja.

"Kumbe pamba inakula nafasi," mama alisema, akikuna kichwa. "Hata mimi nilikuwa nabahatisha."

Futikamba ya kitambaa haikufaa, ilijikunja kila ilipofika kwenye ncha ya kiatu. Rula ya shule ilikuwa pana. Chapuchapu alihangaika nayo, akakunja uso, akaiacha, kisha akachukua karatasi ngumu ya boksi na kukata kijiti chembamba. Alikiingiza ndani mpaka kikagusa ncha, akatia alama kisiginoni, akakitoa na kukiweka juu ya rula. Alirudia kwenye kiatu kilekile kuona kama kitatoa jibu lilelile. Kilitoa.

"Hapo sawa," alisema mama, akaenda kuchukua jozi nyingine.

Walipima viatu, wakavibandika vipimo, wakavipanga sakafuni mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Mgongo ulimuuma Chapuchapu na wenzake walimwita tena nje kuruka kamba. Hakutoka.

Mchana aliingia shangazi, dada yake baba, mwanamke mkubwa mwenye kicheko kinachotangulia kufika. Alisikiliza kisa chote, akavua ndara.

"Nipimeni na mimi. Nataka kujua hao wateja mnawavika mguu gani."

Walimpima akiwa amesimama, kisigino ukutani. Sentimita ishirini na tano na nusu. Kiwanda kiliandika ishirini na nne kwa kiatu cha saizi yake.

"Yaani mguu wangu umezunguka nchi nzima bila mimi kupanda basi," alisema shangazi, "na bado mmeupunguza! Mnanionea nini?" Hata mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha shangazi akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. "Na upana je? Mimi kiatu hakinibani mbele, kinanibana ubavuni."

Chapuchapu alifungua tena ujumbe wa wateja. Watatu kati yao waliandika hivyo hivyo: vinabana ubavuni.

Ikabidi warudi mwanzo. Binamu alitoa sauti ya mtu anayezama, lakini alibaki. Jumapili nzima walipima upana, na kufikia jioni kila jozi dukani ilikuwa na urefu na upana wake, mmoja mmoja. Ndipo mama alipokaa kutunga ujumbe mpya, na Chapuchapu akaandika:

"Vipimo vya mwanzo havikupimwa. Kosa ni letu. Sasa tumepima kila jozi ndani, urefu na upana, na tumeambatisha picha. Wote waliorudisha viatu tutawatumia vinavyowatosha kwa nauli yetu. Tunaomba pia kitu kimoja. Sisi hushona kwa mkono, viatu vyetu havitoki mashineni. Turuhusuni kushona kwa kipimo cha mteja mwenyewe."

"Niseme ni mimi niliyedanganya?" Chapuchapu aliuliza.

"Andika 'letu'. Duka ni la mama na mtoto. Lakini wale wateja watano waliorudisha viatu, utawaandikia wewe, mmoja mmoja, na utajitaja."

Aliwaandikia. Ilimchukua muda mrefu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya kwenye simu ile. Mmoja hakujibu kabisa. Mwingine alijibu kwa ukali, na Chapuchapu aliusoma ujumbe wote, akaomba radhi tena, ndipo naye akatuma kipimo chake. Watatu walituma vipimo vya miguu yao.

Siku zilipita. Mama aliwatumia waliojibu viatu vinavyowatosha, akaendelea kushona kana kwamba duka liko wazi, ingawa Chapuchapu alimwona mara mbili akilitazama beseni la zamani. Siku moja kabla ya wiki kwisha, picha zilirudi na rangi zake. Jibu la soko lilikuwa fupi. Duka limefunguliwa. Kushona kwa kipimo cha mteja kunaruhusiwa, mradi kipimo kiandikwe kwenye oda. Na kwa sababu ya viatu vilivyorudishwa, kwa muda duka lingeonekana mwisho kabisa wa orodha, chini ya viwanda vyote.

"Mwisho kabisa!" Chapuchapu alisema. "Nani atatufikia huko?"

"Anayetafuta," alijibu mama. "Tutapanda. Mitaani nilianza bila mteja hata mmoja."

Wa kwanza kuwafikia alikuwa yule mteja mkali. Alikuwa muuguzi, anasimama kutwa wodini, na miguu yake huvimba jioni. Aliandika kwamba viatu vipya vimemkaa, na kwamba anataka jozi mbili zaidi, pana kidogo, kwa ajili ya mwenzake wa zamu. Baada yake akaja huyo mwenzake, kisha mwingine kutoka wodi ileile. Viwanda havikuweza kuwashonea kwa kipimo. Mama aliweza.

Jioni moja mama alimwita Chapuchapu akae karibu naye penye dirisha.

"Sheria zitabadilika tena, mwanangu," alisema. "Leo wametaka sentimita, kesho watataka kingine, na hawatakuja kutuuliza. Zikituumiza tutasema, kama tulivyosema. Lakini tuseme tukiwa na ukweli mkononi, la sivyo nani atatusikiliza? Mteja hanioni mimi, hakuoni wewe, wala hajakishika kiatu. Anachokiona ni neno letu tu. Neno likiwa la uongo, yule mtu amenunua nini?"

Chapuchapu alivuta jozi ya muuguzi, akaingiza kijiti taratibu mpaka kikagusa ncha, akasoma kipimo, akakisoma tena, ndipo akakiandika.