Kengele Mbele, Baba Mkwe Nyuma

"Binti yangu haolewi na muuza mikate wa baiskeli. Nimemaliza!"

Baba alikuwa dereva wa basi la mjini kwa miaka thelathini, na akisema amemaliza, hata vijiko hunyamaza mezani. Binti yake, fundi cherehani, machozi yakamlengalenga.

"Baba, Kengele alishaomba radhi."

"Abiria wanashuka, yeye anapenya na baiskeli mlangoni mwa basi langu! Kamgonga nani? Mama yako!"

"Aligonga nyanya zangu," mama akacheka. "Mpe mtihani, mume wangu, siyo matusi."

Baba akakubali shingo upande. Binti akamtumia Kengele ujumbe: "Kesho asubuhi wewe mbele na baiskeli, baba nyuma na basi. Ukikosea mara moja, ndoa hakuna."

Jibu likaja: "Kwa ajili yako nitasimama hata kuku akivuka."

Kesho yake binti aliketi nyuma ya baba, roho mkononi. Kengele aliendesha pembeni, akinyoosha mkono kabla ya kila kona. Kwenye kivuko alimsubiri mzee mmoja aliyesimama katikati kufunga kamba za kiatu. Penye msongamano wa watu alishuka, akaikokota baiskeli.

"Anaigiza tu," baba akanung'unika.

"Baba, umemkaribia mno! Akiteleza je?"

"Unanifundisha kazi?"

Kwa hasira akampita Kengele, na papo hapo akakata kona mbele yake kuingia kituoni. Kioo hakukitazama.

"Babaaa!"

Breki zikalia. Baba akashuka mbio. Kengele alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, mzima.

"Umeponaje?"

"Ulivyonipita nilijua unaingia kituoni, mzee. Nikakupisha. Siku ile ya mama nilipaswa kufanya hivyo hivyo, nikajifanya nina haraka."

Baba akajifuta jasho.

"Leo aliyefeli ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

Simu ya binti ikaita.

"Amefaulu?" mama akauliza.

"Mama, baba kamwita mwanangu!"

Vigelegele vya mama vilisikika hadi kwa abiria kituoni. Binti akamkumbatia Kengele hadharani, na baba akajifanya anakagua tairi.

Siku ya harusi, bwana alimpakia bibi kwenye baiskeli. Basi la wageni likafuata polepole, baba kwenye usukani, kaacha nafasi ya kutosha magari mawili. Madereva wa nyuma wakampigia honi, naye akatoa kichwa dirishani:

"Subirini! Mbele kuna wanangu."