Mwenye Ufunguo wa Wagdi

Nagla na Wagdi walikutana kwenye foleni ya muuza kuku, soko la Bakos, saa ambayo Aleksandria nzima inatoka kazini. Nagla alivaa gauni la kijani na mtandio wa rangi ya maziwa. Kijana alikuwa fundi wa miwani, shati limenyooshwa likanyooka.

"Nusu kilo ya maini tena?" Nagla alimtania. "Kaka, una mke mjamzito au una paka kumi?"

Masikio yalimwiva Wagdi. "Mke sina. Ila nikimpata mwenye maswali kama yako, naoa."

Miezi mitano simu hazikupoa. Ndipo Haji Mutawalli, baba yake Nagla, akasema kijana aje Ijumaa baada ya alasiri wasome Fatiha, uchumba ujulikane. Ijumaa ya kwanza Wagdi akapiga simu: "Roho yangu, nimepata dharura." Ya pili, dharura tena, isiyo na jina.

"Ya tatu asipokuja," Haji alimwambia bintiye, "asije kabisa."

Ijumaa ya tatu, watu walipotoka msikitini, wivu ulimvalisha Nagla viatu. Akaenda mtaani kwa Wagdi, akajibanza ng'ambo, mlangoni pa duka la mikate.

Kikapu kilikuwa kikishuka kwa kamba kutoka ghorofa ya nne, kibarazani kwa Wagdi. Vikapu vya mji ule hushuka vitupu kufuata mkate. Hiki kilishuka kizito, kimefunikwa shuka la maua. Chini alisimama mwanamke aliyekolea wanja, gauni jekundu, funguo zikining'inia kiunoni. Akakipokea kwa mikono miwili, akafunua pembe ya shuka, akacheka, akabusu kilichomo.

Mimi napewa dharura, mwenzangu anashushiwa zawadi! Nagla akavuka barabara.

"Dada, kinachotoka kwa mchumba wangu na mimi nikione."

"Kione," mwanamke alisema bila haraka. "Ila usipige kelele, anashtuka."

Alikuwa mbwa mdogo, mzee, mdomo mweupe, macho yenye ukungu. Alinusa mkono wa Nagla, akalaza kichwa.

Wagdi alishuka ngazi mbio, miguu peku. "Nagla! Lifti imekufa, na Simsim ana miaka kumi na tano, nyonga hazimbebi. Mara nne kwa siku lazima ashuke. Nikiwa dukani, Safinaz huyu, jirani wa chini, hupanda kumpa dawa."

"Ana ufunguo wako?"

"Anao."

"Na Ijumaa zangu mbili?"

"Ya kwanza alianguka, ya pili hakula. Ningemwambiaje Haji, mtu wa msikiti, kwamba mbwa kanichelewesha?"

Nagla alimtazama. "Kwa hiyo huyu anakuona ukimlilia mbwa wako, mimi unanionyesha shati lililonyooshwa tu. Mbwa nimemsamehe, Wagdi. Ufunguo bado."

Safinaz akaingilia, "Bibi harusi, nendeni mkasome Fatiha yenu. Nitabaki naye, mlango naujua."

"Najua kwamba unaujua." Nagla akatoa simu, akampigia baba yake. "Baba, tunakuja. Tuna mbwa mzee, haachiki peke yake."

Haji akauliza, "Hakuna mtu wa kubaki naye?"

Nagla akautazama ule wanja. "Hakuna, baba." Uongo ule Mungu anaujua, na sababu yake anaijua.

Haji akashusha pumzi. "Basi akae kibarazani, mbali na mikeka ya swala. Na kijana aoge kwanza."

Nagla akamnyooshea Safinaz kiganja. "Dada, ufunguo."

Safinaz akacheka, akauchomoa. "Haya. Na dawa ya kesho adhuhuri nani atampa, nawe hujawa mke? Utaingia nyumba ya mwanamume peke yako?"

Nagla akaufumba ufunguo mkononi. "Nitakuja na mama."