Mawese Kwenye Kioo cha Gari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Doriane alifuta vumbi kwenye gari la baba yake. Lilikuwa gari kuukuu ambalo Papa Barnabé alibebea abiria kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale hadi mji wa Mbarara, na ndilo lililowalisha. Siku hizo kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kizito. Ukibonyeza kitufe, kilipanda polepole kama mzee anayepanda mlima.

"Mupira yake imekauka," alisema baba. "Usikiguse. Nitakuja kuisafisha na maji ya sabuni."

Lakini nani angemfundisha Doriane kusubiri? Kwao, watu wa Kivu Kusini, mawese yalikuwa dawa ya kila kitu: ya nywele, ya ngozi iliyoungua, hata ya bawaba za mlango unaolia. Akachovya kitambaa, akapaka mawese kwenye mpira ambamo kioo hupita. Kioo kikateleza vizuri. Baba akadhani kimepona chenyewe, akasahau habari za sabuni. Doriane alicheka kimoyomoyo, wala hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata mdogo wake, Valentin, alibanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha, na kifua kilipiga filimbi. Mama Adélaïde alimpakata kwenye kiti cha nyuma, Doriane akakaa kando yao, na baba akaondoa gari kwenda hospitali Mbarara. Walishusha kile kioo ili mtoto apate hewa.

Kabla ya kufika Masha wakakuta malori ya mchanga yakipita bila kukatika. Vumbi likaingia garini. Baba akabonyeza kitufe. Kioo kikapanda kidogo, kikakwama.

"Funika mutoto," alisema baba.

Mama akamfunika kwa kitenge, lakini Valentin alikisukuma akilia, kwa sababu chini yake hakupata pumzi. Midomo yake ilianza kupauka. Baba akasimamisha gari, akabonyeza tena huku ametega sikio.

"Moteri inalia, basi umeme unafika," alisema. "Kuko kitu inashika kioo mule ndani."

Akachukua bisibisi, akaanza kufungua ubao wa mlango. Kazi hiyo ingewachelewesha sana, na Doriane alilijua hilo. Alijua pia ni nini kilichoshika kioo. Skrubu zilitoka moja baada ya nyingine, naye kapiga kimya. Ni aibu kusema, lakini aliogopa fimbo ya baba kuliko ile filimbi ya kifua cha mdogo wake.

Kisha Valentin akaacha kulia. Hakuwa na pumzi ya kulilia.

"Papa, acha kufungua," alisema Doriane, machozi yakimtoka. "Haiko mule ndani. Ni miye nilipakaa mawese mu mupira."

Baba hakumpiga. Alipitisha kidole kwenye mpira, kikatoka na tope jekundu zito, kwa maana mawese yalikuwa yameshika vumbi lote la njia ya Nakivale. Akazungushia bisibisi kitambaa chenye maji, akakwangua. Kisha akamwamuru Doriane abonyeze kitufe, huku yeye akikibana kioo kwa viganja viwili, ndani na nje, na kukivuta juu. Kikapanda kwa kusuasua mpaka kikafunga. Baba akaendesha hadi Mbarara.

Hospitalini, muuguzi alimwekea Valentin oksijeni.

"Mungechelewa kidogo tu, huyu mtoto angekufa," aliwaambia, na hakuonekana mtu wa kutia chumvi.

Papa Barnabé akamkalisha Doriane kwenye benchi.

"Kukosa, kila mutu anakosa," alisema. "Ile ya mawese iliisha na kitambaa na maji. Lakini ulijua, na ukaniachia nifungue mulango bure. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kilikuja kwa mutoto ambaye hakuficha kitu. Ukikosa, sema palepale, hata kama unaogopa."

Valentin alipoweza kuzungumza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Juu ya nini tulisimama mingi vile mu njia?"

Doriane alimshika mkono, ambao bado ulikuwa baridi.

"Ni juu yangu," alisema, akamweleza yote.