Tairi Lililofungwa Mkanda

Gari lilianza kulia hata kabla hawajatoka getini. Ti, ti, ti. Taa nyekundu kwenye dashibodi ilikuwa inasema kuna mtu kiti cha nyuma hajafunga mkanda.

"Si ulilitoa lile tairi la spea?" Sindano alimuuliza mumewe.

"Nililitoa nilipokuwa naosha gari. Lile pale ukutani, linakauka."

Wakageuka wote wawili. Kiti cha nyuma hakikuwa na kitu. Ila kitambaa chake kilikuwa kimebonyea, kama pale anapokaa mtu mzima mwenye kilo zake.

"Maji yameingia kwenye waya," alisema mume, na akashuka upesi kwenda kulirudisha tairi. Alipolifunga mkanda, kelele zikakoma.

Mtaani mume huyu walimwita Tahadhari, na jina lilimkaa. Huyu ni mtu aliyebeba mwavuli kiangazi na kufunga mlango kwa kitasa, komeo na kiti. Mkewe walimwita Sindano kwa sababu ya cherehani yake, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Lakini kuhusu haja ya spea Sindano hakuwa na mzaha. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kando ya barabara, ndani ya gari hilihili, limeinama kwa pancha. Gari halikuundwa na mahali pa spea. Chini ya buti palikaa betri, na waliolitengeneza walitoa pampu ndogo na chupa ya gundi, basi. Tahadhari alihangaika na ile gundi mvua ikimnyeshea, huku kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka mtoto shingoni. Mtoto hakulia.

Mimba hii ya pili ilipokuwa kubwa, Tahadhari alikwenda kwa wauza vipuri vya magari yaliyopata ajali. Muuzaji hakubishana bei. Alilisukuma tairi kwa mguu mpaka kwenye gari la mteja, hakuligusa kwa mkono hata mara moja. Butini halikuingia, mlango ulikataa kufunga. Wakaliweka kiti cha nyuma, gari likalia kwa uzito wake, Tahadhari akalivutia mkanda na kulipigapiga begani, kama tairi lina bega.

"Haya," alisema, "mgeni njoo, mwenyeji apone."

Sindano alicheka siku hiyo mpaka akashika tumbo.

Baada ya kisa cha getini hakucheka tena. Kila alipofungua mlango wa gari alipokewa na harufu ya mpira ulioungua, na chini yake harufu nyingine, ya mtu aliyevaa nguo moja safari nzima. Magauni ya wateja aliyoyarusha nyuma ovyo aliyakuta yamekunjwa, mikono ndani, kola juu, vizuri kuliko anavyokunja yeye. Kisha mchana mmoja wa mvua, akimsubiri mumewe nje ya stoo anakofanyia kazi, vioo vya gari viliingia ukungu vyote, na alipotazama kioo cha upande wa tairi aliona ukungu ule unapanuka na kunywea, unapanuka na kunywea, polepole, bila haraka, kama unavyofanya mbele ya mdomo wa mtu aliyelala.

"Baba," Sindano alimnong'oneza mumewe alipoingia. "Kile kioo kinapumua."

Tahadhari alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka macho mbele.

"Ukishajifungua nitalirudisha," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa sasa siwezi. Siwezi kukupeleka hospitali bila spea, mke wangu. Siwezi mara ya pili."

Naye Sindano hakuweza kumwambia alitupe. Aliogopa tairi, lakini barabara ile aliiogopa zaidi.

Uchungu ulimshika alasiri, mvua ikimwagika. Kukaa mbele hakuweza, akalala kiti cha nyuma, kichwa kando ya tairi. Walipofika karibu na pale walipompoteza wa kwanza, alisikia mlio chini ya gari, pwaa, na gari likainama upande mmoja vilevile kama siku ile, na kabla hajapiga kelele likainuka tena, taratibu, kama machela inayonyanyuliwa na watu, likaendelea kwenda huku mumewe amekodoa macho kwenye mvua hajui lolote, na maumivu yakaja makubwa kiasi kwamba alitafuta chochote cha kushika, mkono ukapenya kwenye tundu la katikati ya ringi, na huko ndani, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila giza na chuma, vidole vikaushika mkono wake.

Vilikuwa vya moto na vikavu. Sindano hakuuvuta mkono.

"Yeyote uliye," alisema kwa pumzi iliyobaki, "usimwache mwanangu."

Vidole vikambana mara moja, kama mtu anayekubali.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, na alilia. "Kamba ilikuwa imemzunguka shingo," muuguzi alimwambia mama akimfunika, "mara ikalegea yenyewe. Kama kuna mtu ametia kidole." Sindano aliuficha mkono ule chini ya shuka. Nje, Tahadhari alikuwa amesimama mbele ya gari, anatazama gurudumu la mbele lililochanika vipande mpaka ringi inaonekana. Hakujua wamefikaje.

Hilo ndilo lililompeleka kwa mganga. Bibi mmoja mfupi, mkavu wa maneno, alikuja nyumbani na chetezo chake, akafungua mlango wa nyuma, akanusa, akaufunga.

"Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi, bibi," alisema Tahadhari. "Nilikuwa natania."

"Majini hawa hawajui utani. Umempa kiti, umemfunga mkanda, umemwita mgeni. Alikufa njiani mwenye tairi, na huyu alikuwa naye. Sasa amepata pa kukaa. Aliyemkaribisha ndiye anayemuaga." Kisha akamgeukia Sindano, aliyesimama mlangoni na mtoto kifuani. "Kuna mwingine aliyesema naye? Nikimtoa kwa mmoja na mwingine amemshika, nimefanya kazi bure."

Sindano alimtazama mwanawe, shingo yake nyembamba inayopiga mapigo, akawaza kwamba kama aliyeilegeza ile kamba ndiye huyu, na kama aliyelibeba gari ndiye huyu, basi akifukuzwa ataondoka na alichokitoa, maana hata binadamu hufanya hivyo, sembuse hawa, na akawaza pia kwamba mumewe akijua ni nani amekabidhiwa mtoto hatalala usingizi maisha yake yote, na ulimi wake ambao haukuwahi kushindwa na mtu ukawa mzito kinywani.

"Hakuna, bibi," alisema.

Tahadhari alifungua mkanda. "Safari imefika, mgeni wetu. Tunashukuru. Shuka salama." Gari likapanda juu kidogo, kama linavyofanya abiria mnene akishuka. Harufu ikakatika. Tairi likachomwa moto mbali na nyumba, na usiku ule Tahadhari alilala akikoroma, mlango ameufunga kwa kitasa tu.

Siku ya kumpeleka mtoto chanjo, jua lilikuwa linawaka. Wakamweka nyuma kwenye kiti chake kidogo, wakamfunga. Pembeni yake palikuwa patupu. Tahadhari akawasha gari.

Ti, ti, ti.

"Waya hizi," alisema, macho ameyakaza mbele.

Sindano aligeuka peke yake. Mkanda wa kile kiti kitupu ulikuwa unajivuta kutoka ubavuni mwa gari, taratibu, ukapita hewani ukizunguka kitu kipana, ukajichomeka. Kach. Kelele zikakoma. Mtoto alikuwa amegeuza uso upande ule, anacheka, na ngumi yake ndogo imefumbata kitu kisichoonekana, unene wa kidole.

"Twende, baba wee," alisema Sindano. "Tumeshatimia."